Wekundu wa Maji ya Malindi

Masika yakishika, na tena vuli ikiingia, bahari iliyo mbele ya mji wa Malindi hubadili rangi. Buluu huondoka, na mahali pake huingia rangi ya ugoro, kisha ya udongo wa mfinyanzi, hata mawimbi yanayovunjika ufukweni yakawa mekundu. Mgeni huuliza bahari imepatwa na nini. Mwenyeji hujibu kwa neno moja: Sabaki. Jibu hilo latosha kwa mazungumzo ya barazani, lakini halitoshi kwa historia. Maji hayo yana tarehe. Hayakuwa mekundu kiasi hicho siku zote, na wakati yalipoanza kuiva rangi unajulikana, ingawa hakuna karani aliyeuandika. Makala haya yanalifuata tope hilo tangu linakotoka hata linakoishia, yakitazama ni akina nani waliolishwa nalo, ni akina nani waliolipigania, na ni akina nani waliotwikwa lawama kwa ajili yake.

Mto wenye majina matatu

Mto huo huanzia katika nyanda za juu zilizo karibu na Nairobi, ukikusanya vijito vya milima ya Ngong na vya miteremko ya kusini ya Nyandarua. Huko huitwa Athi. Huteremka ukapita Ukambani, ukiambaa na uwanda wa Yatta, ambao ni ulimi wa lava ya kale wenye urefu wa takriban kilomita 300. Ufikapo Tsavo hupokea mto wa jina hilo, unaoleta maji maangavu ya chemchemi za Mzima, na kuanzia hapo huitwa Galana, neno la Kioromo lenye maana ya maji makubwa. Huvuka nyika kavu, ukapita kwenye maporomoko ya Lugard, na unapoikaribia pwani hugeuka jina tena ukawa Sabaki, mpaka unapoingia baharini baina ya Malindi na Mambrui.

Mto mmoja kupewa majina matatu si ajabu, kwani kila jamii huliita jambo kwa vile ilionavyo. Hata hivyo majina hayo yaliificha habari moja. Mkulima wa Machakos alipoona udongo wa shamba lake ukichukuliwa na mvua, aliona umekwenda na Athi, umepotea. Mvuvi wa Malindi alipoona tope likifika, aliona limeletwa na Sabaki. Kwa muda mrefu hapakuwa na mtu aliyelazimika kuziunganisha habari hizo mbili na kuona kuwa upotevu wa mmoja ndio ujio wa mwingine.

Maji hufuata mkondo, husema wahenga. Na udongo nao hufuata maji kwa kadiri ya uzito wake. Kokoto hubaki bara, zikisogea kidogo kila mafuriko. Mchanga hubiringika sakafuni mwa mto. Tope jepesi na udongo wa mfinyanzi huelea ndani ya maji yenyewe na kusafiri nayo bila ya kutua. Wakati wa kiangazi mto hupungua nguvu, na kila ulichokuwa umebeba hukiweka njiani, katika mabonde na kwenye kingo. Mvua za kwanza zinapokuja huikuta ardhi haina majani ya kuishika, nazo huzoa kwa pamoja vumbi jipya la mashambani na tope kuukuu lililokuwa likingoja mtoni. Ndiyo maana mafuriko ya mwanzo wa msimu aghalabu ndiyo mekundu kuliko yanayofuata.

Pale maji matamu yakutanapo na maji ya chumvi, mzigo hugawanywa upya. Mchanga huanguka karibu na mlango wa mto. Mawimbi huusukuma ufukweni, na upepo huuchukua kutoka hapo ukaufanya vilima, kama vile vilivyo upande wa Mambrui. Chembe za ulanga zilizotolewa katika miamba ya bara humeta ndani ya mchanga huo, na mtu atembeaye jua likiwa chini hudhani amekanyaga fedha. Udongo wa mfinyanzi una mwenendo mwingine. Katika maji matamu chembe zake husukumana, kila moja ikiikimbia mwenziwe. Katika maji ya chumvi zile nguvu za kusukumana hufifia, chembe zikashikana zikawa madonge, na madonge yakazama taratibu katika sakafu ya ghuba. Zile nyembamba mno hubaki juu, kwa sababu maji ya mto ni mepesi kuliko ya bahari na huelea juu yake kama utando, yakienea kilomita nyingi kabla ya kuchanganyika.

Kisha pepo huamua njia. Mkondo wa pwani ya Afrika ya Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi, takriban tangu Aprili hata Oktoba, huzidi nguvu. Wakati huo maji ya Sabaki huelekea Mambrui, Ngomeni na Ghuba ya Ungwana. Wakati wa kaskazi, upepo huyageuza maji ya juu karibu na ufuko yakashuka kusini, na hapo ndipo mji wa Malindi na miamba yake hupata wekundu wenyewe. Katika miezi hiyo hiyo mkondo wa Somalia nao hugeuka ukashuka kusini, ukakutana na mkondo wa pwani mbele ya Kenya ya kaskazini. Na kwa kuwa yote miwili haina pa kupita, hupinda pamoja kwenda mashariki, katikati ya Bahari ya Hindi. Kilichosalia cha mto, yaani vumbi jembamba lisilozama upesi na chumvi za ardhini zilizoyeyuka, huondoka kwa njia hiyo. Udongo uliokuwa chini ya mtama wa Machakos huweza kuishia sakafuni mwa bahari kuu, mahali ambapo hapaoti mtama wala hapana wa kuulima.

Tope lililokuwa riziki

Kabla ya kuitwa adha, tope la Sabaki lilikuwa riziki. Mto uliofurika huacha kandokando yake tabaka ya udongo mpya, na udongo huo haudai samadi. Historia za miji ya pwani hupenda kuanzia bandarini, penye majahazi, vyombo vya kaure na wafalme. Lakini bandari isiyo na chakula haikai. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa katika jumba la mfalme wa China wa nasaba ya Ming. Mwezi wa Aprili 1498 Vasco da Gama alitia nanga Malindi, akapewa vyakula na rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Huko Mambrui, ng'ambo ya pili ya mlango wa mto, kaburi la mnara lilipambwa kwa mabakuli ya Ming, na mwaka 2010 wanaakiolojia wa China na wa Kenya walifukua humo sarafu ya enzi ya mfalme Yongle. Miji hiyo miwili imekaa mmoja kila upande wa Sabaki, na si kwa bahati tu: mto ulikuwa kisima chao na shamba lao.

Wareno walipohamishia makao yao Mombasa mwaka 1593, Malindi ilififia, na kufikia katikati ya karne ya 19 palikuwa magofu na msitu. Mwaka 1861 Seyyid Majid bin Said wa Zanzibar aliufufua mji kwa kupeleka walowezi na askari. Katika muda wa miaka michache mashamba ya mtama na ufuta yalienea nyuma ya mji, na majahazi yakawa yanapakia nafaka kwenda Zanzibar na Arabuni. Malindi ikawa ghala. Haifai kuusifu udongo huo bila ya kuitaja mikono iliyoulima, kwani ilikuwa mikono ya watumwa. Waliotoroka walifuata mto kuelekea bara, wakajenga vijiji vyao vya watoro, Makongeni na Fuladoyo vikiwa miongoni mwao; na Frederick Lugard alipopanda na Sabaki mwaka 1890 kwa niaba ya kampuni ya Waingereza, aliwatumia watoro kukata njia na kujenga ngome, kwa ahadi ya kujikomboa kwa ujira wao. Jina lake likabaki kwenye maporomoko. Ya hao waliokata njia hayakubaki popote.

Utumwa ulipopigwa marufuku katika pwani ya Kenya mwaka 1907, mashamba makubwa yalikuwa yamekwisha kudhoofika. Waliokuwa wakilima sasa kwa wingi ni Wagiriama, waliovuka Sabaki na kujipatia mashamba ya ng'ambo ya kaskazini, wakipanda mahindi na kuyauza kwa wafanyabiashara wa mwambao. Hapo ndipo udongo wa mto ulipoingia katika vita. Serikali ya kikoloni ilitaka vibarua kwa ajili ya mashamba ya pwani, na Mgiriama aliyekuwa na mavuno yake mwenyewe hakuwa na sababu ya kwenda kuwa kibarua. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwalisha watu viapo wasitoe vijana wao. Akakamatwa na kupelekwa Kisii, mbali na pwani. Agosti 1914 Waingereza waliibomoa Kaya Fungo kwa baruti. Askari walichoma nyumba, faini ya rupia 100,000 ikatozwa, na Wagiriama wakaamriwa waihame ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki.

Amri hiyo yastahili kusomwa polepole. Haikusema kwamba watu walipe kodi tu, wala kwamba wasalimishe silaha tu. Iliwataka waache udongo. Aliyeiandika alijua kwamba mtu akiondolewa kwenye tope la mto akatupwa kwenye mchanga mkavu wa kusini, njaa itamfikisha kazini bila ya mjeledi. Njaa ilikuja kweli. Baada ya miaka michache serikali ililegea, na Wagiriama wakaruhusiwa kurejea kaskazini. Mto uliwangoja, nao ulikuwa umeongeza tabaka nyingine.

Karani aliyekaa chini ya maji

Hadi hapa habari zimetoka katika kumbukumbu za watu. Lakini kiasi cha tope lenyewe, mwaka baada ya mwaka, hakikuandikwa na mtu. Wareno hawakukipima, Seyyid Majid hakukihitaji, na Waingereza walianza kupima mito kwa kuchelewa. Aliyekiandika ni tumbawe.

Watu wa mwambao hawahitaji kuelezwa tumbawe ni nini. Nyumba zao, misikiti yao na makaburi yao yamejengwa nalo. Mafundi wa kale walijua kuyachagua: lile la nchi kavu, gumu, kwa kuta, na lile lililokatwa baharini likiwa hai, laini bado, kwa nakshi za mihrabu na vizingiti, kwani huchongeka vizuri kabla ya kukauka na kuwa gumu. Tumbawe hilo la kuchonga aghalabu ni la jamii ambayo wanasayansi huiita Porites. Hukua takriban sentimita moja kwa mwaka, na hujipanga tabaka kwa tabaka, mithili ya miduara iliyomo ndani ya shina la mti. Mafundi wa mihrabu, bila ya kujua, walikuwa wakichonga maua juu ya kalenda.

Katika hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968, kuna tumbawe la jamii hiyo lililoishi takriban miaka 300. Watafiti walilitoboa wakachukua mchi mrefu wa jiwe lake, wakasoma tabaka zake moja baada ya moja. Na mwaka 2007 Dominik Fleitmann na wenzake wakayachapisha matokeo. Walichokitafuta humo ni madini ya bariamu. Tumbawe hujenga mwili wake kwa kalisiamu iliyomo katika maji ya bahari, na bariamu ni ya ukoo mmoja na kalisiamu, kiasi kwamba inapokuwapo majini tumbawe huipokea na kuijenga pamoja. Nayo bariamu huja na mto. Husafiri imeshikamana na chembe za udongo. Chembe hizo zikigusa chumvi huiachia, nayo ikayeyuka baharini. Tope likizidi, bariamu huzidi; na bariamu ikizidi, tabaka ya mwaka huo huibeba alama yake.

Kalenda hiyo ilisomeka hivi. Katika karne ya 18 na ya 19 kiasi cha tope kilipanda mwaka wa mvua na kushuka mwaka wa ukame, lakini kwa jumla kilikaa pale pale. Ilipoanza karne ya 20, mstari ulianza kupanda, nao haukurudi ulikokuwa. Mvua peke yake haiwezi kulieleza jambo hilo, kwa sababu mvua kubwa na kiangazi kikali vilikuwapo katika karne zote tatu. Kilichobadilika ni ardhi ambayo mvua iliikuta.

Msomaji atazame pia kile ambacho mstari haukufanya. Mashamba ya Malindi ya mwaka 1861, pamoja na ukubwa wake wote, hayakuupandisha. Yalikuwa karibu na bahari, katika ardhi isiyo na miteremko mikali. Chanzo cha wekundu ni lazima kitafutwe mbali zaidi, kwenye vilima vinavyoinamia Athi.

Lawama ya mwaka 1938

Mwishoni mwa karne ya 19 Ukambani ulipigwa na njaa kali, na wakati huohuo reli ya Uganda ilikuwa ikikatiza nyika. Ilifika Nairobi mwaka 1899. Nyuma ya reli walikuja walowezi wa Kizungu. Serikali iliwawekea Wakamba mipaka ya eneo lao, na nje ya mipaka hiyo yakabaki mashamba ya walowezi, vilima vya Mua vikiwamo, pamoja na malisho ambayo zamani mifugo ilihamishiwa wakati wa ukame. Watu waliongezeka, ng'ombe waliongezeka, ardhi haikuongezeka. Mfugaji aliyezoea kuipumzisha nchi kwa kuhama alilazimika kuilisha mifugo yake mahali pamoja kila mwaka. Miteremko ikavuliwa majani, na mvua zikaanza kuchora makorongo.

Kufikia miaka ya 1930 makorongo hayo yalikuwa yakitisha hata maofisa. Colin Maher, mtaalamu wa serikali wa hifadhi ya udongo, aliandika taarifa juu ya Ukambani mwaka 1937, na maneno yake yalikuwa mazito. Kuwa udongo ulikuwa ukipotea, hapakuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa juu ya sababu. Serikali ilisema ng'ombe ni wengi mno. Wakamba walisema ardhi imekuwa ndogo mno. Sentensi hizo mbili zinaeleza hesabu moja, lakini kila moja humweka mtu mwingine kizimbani.

Mwaka 1938 serikali ilichagua sentensi yake. Ng'ombe wa Wakamba walikamatwa kwa nguvu na kupigwa mnada kwa bei ya kutupa, na katika mwaka huohuo kiwanda cha nyama cha kampuni ya Liebig kilikuwa kikifunguliwa mjini Athi River. Julai ya mwaka huo maelfu ya Wakamba, wanaume, wanawake na watoto, waliondoka kwao wakaenda Nairobi kudai mifugo yao, wakakaa huko wiki kadhaa, wakikataa kuondoka mpaka gavana awasikilize. Kiongozi wao alikuwa Muindi Mbingu. Gavana, Sir Robert Brooke-Popham, hatimaye alikwenda Machakos kusema nao. Kabla ya mwaka kwisha, mpango wa kupunguza mifugo kwa nguvu uliachwa. Lakini Muindi Mbingu alikamatwa, akahamishwa kwao. Mahali alipopelekwa ni Lamu.

Hukumu hiyo ilidhaniwa kuwa ni ya kumtenga mtu na habari zake, kwamba akiwekwa kisiwani, mbali na ng'ombe na vilima, maneno yatakwisha. Waliomhukumu hawakutazama ramani ya maji. Wakati wa kusi mkondo hupeleka mzigo wa Sabaki kaskazini, na pwani ya Ungwana na ya Lamu ndiyo iliyo mbele yake. Mtu aliyefukuzwa kwa sababu ya udongo wa Ukambani aliletwa upande uleule ambao udongo wa Ukambani ulikuwa ukielekea.

Je, tumbawe la Malindi lilimpa nani haki katika kesi ile? Halikusema juu ya ng'ombe, wala juu ya walowezi. Bariamu ya shamba la mnyonge haina tofauti na bariamu ya shamba la bwana. Linachoweza kusema tumbawe ni lini tu. Hata hivyo hilo lini lina uzito wake. Wakamba walikuwa wafugaji katika karne ya 18 na ya 19, na mstari ulikaa chini. Ulipanda katika karne ile ambayo mipaka iliwekwa. Mwenye kudai kwamba ufugaji wenyewe ndio ulioula udongo anapaswa kueleza mbona uliacha kuula kwa miaka 200.

Fanya juu

Sehemu ya mwisho ya habari hii haina mshindi mmoja. Baada ya Vita Vikuu vya Pili serikali iliwalazimisha Wakamba kuchimba matuta ya kuzuia maji, na kazi ya kulazimishwa ilichukiwa. Kisha, pole pole, watu waliichukua kazi hiyo ikawa yao. Vikundi vya kusaidiana viitwavyo mwethya, ambavyo wanawake walikuwa nguzo yake, vilichimba maelfu ya matuta. Njia iliyopendwa ni ya kuchimba mfereji kufuata usawa wa mlima na kuutupa udongo upande wa juu, ili mvua zenyewe ziujaze na kuusawazisha mteremko. Njia hiyo iliitwa fanya juu, na jina hilo la Kiswahili limeingia katika vitabu vya kilimo vya lugha nyingine bila ya kutafsiriwa. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba katika Machakos watu waliongezeka mara nyingi tangu miaka ya 1930, na huku mmomonyoko ukapungua. Utabiri wa kwamba nchi hiyo itageuka jangwa haukutimia.

Na mto haukuwa mweupe. Hilo lahitaji maelezo. Udongo uliokwisha kutoka mashambani haukufika wote baharini kwa mara moja. Mwingi ulitua mabondeni na kwenye vitanda vya vijito, na kila mafuriko huuamsha kiasi. Mafuriko ya mwaka 1961, na yale ya El Niño ya 1997 na 1998, yalizoa akiba ya miaka. Fauka ya hayo, mji wa Nairobi umekua, na mto wake huingia Athi pamoja na taka zake. Barabara, machimbo ya mawe na uchotaji wa mchanga wa ujenzi vimefungua majeraha mapya. Makadirio ya mzigo wa Sabaki hutofautiana, lakini yote huuhesabu kwa mamilioni ya tani kila mwaka.

Malindi imejifunza kuishi na mzigo huo, na malipo yake si ya namna moja. Mchanga umeusogeza ufuko mbele, hata hoteli zilizojengwa karibu na maji katika miaka ya 1930 zikajikuta zimetengwa na bahari kwa uwanja mpana. Tope hufunika majani ya bahari na kuyanyima matumbawe mwanga, ingawa aina zinazostahimili zimeendelea kuishi. Lakini rutuba ya mto pia ndiyo inayolisha kamba na samaki wa Ghuba ya Ungwana, ambao wavuvi wadogo waliwagombea na meli za kukokota nyavu mpaka meli hizo zikasimamishwa mwaka 2006. Na huko Baricho, visima vilivyochimbwa katika mchanga ulioletwa na mto wenyewe huchuja maji yanayonywewa Malindi, Kilifi na Mombasa. Anayelaani mchanga wa Sabaki asubuhi huenda ameshanywa chai ya maji yake.

Jirani yake, mto Tana, umepewa dawa iliyo kinyume. Tangu Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988, mabwawa matano ya umeme yamekuwa yakilishika tope lake njiani, na mashamba ya bondeni yaliyozoea kupata udongo mpya kwa mafuriko yakapungukiwa. Kwenye Athi nako, ujenzi wa bwawa kubwa la Thwake ulianza mwaka 2018. Bwawa huyasafisha maji yanayopita, lakini halitibu mteremko ulio juu yake. Hulikusanya tatizo mahali pamoja, nalo likijaa hudai bwawa jingine. Wale wa mwethya walilishika jambo kwenye chanzo chake, kwa majembe, kabla maji hayajapata jina.

Kwa hiyo mtu wa pwani atazamapo wekundu ule mbele ya Malindi ana haki ya kulalamika, ila asilalamike kama aliyetupiwa taka na mtu asiyemjua. Ndani ya maji hayo kuna vilima vya Mua, kuna ng'ombe waliopigwa mnada, kuna mtu aliyeletwa Lamu na wengine waliofukuzwa kwenye kingo za Sabaki kwa sababu kingo hizo zilikuwa nzuri mno. Tumbawe la Malindi liliyaandika mengi ya hayo lisijue. Matumbawe mengine ya jamii yake yangali hai katika miamba ile, nayo kila mwaka huongeza sentimita moja, yakipokea kile ambacho bara imeamua kukishika na kile ambacho imeamua kukiachia.